KABLA HUJATOA RANDI ZAKO: Somo la kupima ahadi na bei za virutubisho vya makopo

Leo tuna somo linalogusa mwili na mfuko kwa pamoja, kwa hiyo chukua kalamu na karatasi, maana mwishoni kuna zoezi.

Ukiishi Yeoville, Hillbrow, Berea au Mayfair, huna haja ya kuvitafuta virutubisho vya ziada. Vyenyewe vinakutafuta. Vinakuja kwenye simu, vinakuja saluni, vinakuja baada ya ibada, hata msibani vinafika. Na anayekuletea mara nyingi si mtu baki. Ni dada aliyekupokea ulipofika Park Station na begi moja, au ni kaka wa chama chenu cha kuzikana. Ndiyo maana kusema hapana ni kazi. Unaona kama unamkataa mtu, si kopo.

Lakini tusidanganyane, gharama ni kubwa. Kopo la Randi 600 kila mwezi ni Randi 7,200 kwa mwaka. Hiyo ni ada ya mtoto nyumbani, au nauli ya kwenda kumzika mzazi. Na zaidi ya fedha, wapo wanaoacha vidonge vya presha, vya kisukari au ARV kwa sababu wameambiwa kopo "linatibu kutoka kwenye mizizi". Wengine huogopa zahanati. Mwaka 2025 vikundi vya watu vilisimama kwenye malango ya zahanati kadhaa za Johannesburg na kuwarudisha wageni, mpaka Mahakama Kuu ilipovipiga marufuku Novemba mwaka huohuo. Mtu aliyerudishwa langoni ni mteja rahisi kwa muuza makopo.

Somo hili halisemi kwamba virutubisho vyote ni uongo. Linakufundisha jinsi ya kuuliza. Tuanze na kisa cha kweli kinachotuhusu sisi wa Afrika Mashariki na pia hapa Afrika Kusini.

UTAFITI WA DAR ES SALAAM NA MATANGAZO YA AFRIKA KUSINI

Kuanzia mwaka 1995, watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani waliwafuatilia wanawake wajawazito 1,078 wenye VVU jijini Dar es Salaam. Wengine walipewa vitamini za kundi B, C na E, wengine vitamini A, wengine zote kwa pamoja, na wengine vidonge vitupu visivyo na kitu, ili watafiti waweze kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Katika wanawake 271 waliopewa B, C na E peke yake, 67 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Katika wanawake 267 waliopewa vidonge vitupu, waliofikia hali hiyo walikuwa 83. Kwa lugha rahisi, katika kila wanawake 100, ni 25 badala ya 31.

Faida ilikuwepo, tena ya kweli. Ila angalia mambo mawili. Kwanza, wakati ule wanawake wengi wa Tanzania hawakuwa na ARV kabisa, kwa hiyo vitamini zililinganishwa na kukosa tiba. Pili, vitamini A haikuongeza faida; ilipochanganywa na zile nyingine, faida ilipungua. Watafiti walisema vitamini zinaweza kuchelewesha siku ya mgonjwa kuhitaji ARV. Hawakusema zinachukua nafasi ya ARV.

Sasa tazama kilichotokea. Mfanyabiashara wa vitamini kutoka Ujerumani, daktari Matthias Rath, aliutumia utafiti huo katika matangazo yake hapa Afrika Kusini. Matangazo yalidai vitamini zinarudisha UKIMWI nyuma, na yakaziita ARV sumu. Huko Khayelitsha, Cape Town, watu wenye VVU waligawiwa vitamini za dozi kubwa. Watafiti wa Harvard walijitokeza hadharani mwaka 2005 kukanusha jinsi kazi yao ilivyotumiwa. Treatment Action Campaign pamoja na chama cha madaktari wa Afrika Kusini walikwenda mahakamani. Tarehe 13 Juni 2008, Jaji Dumisani Zondi wa Mahakama Kuu ya Cape Town aliamua kwamba majaribio yale kwa binadamu hayakuwa halali, na matangazo ya aina ile yasimame.

Kisa hakikuishia hapo. Kati ya mwaka 2006 na 2008, wagonjwa 3,418 waliokuwa wakianza ARV katika kliniki za Dar es Salaam waligawanywa makundi mawili. Moja lilipewa vitamini za dozi kubwa, jingine dozi ya kawaida. Utafiti ulisimamishwa mapema mwaka 2009. Dozi kubwa haikuleta faida yoyote ya ziada, na vipimo vya damu vilionyesha maini yakisumbuka zaidi kwa waliopewa dozi kubwa.

Hapo ndipo penye funzo la leo. Muuzaji akikuambia "kuna utafiti", huenda hadanganyi. Utafiti wa Dar es Salaam ulikuwa wa kweli. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama upo. Uliza: ulifanywa kwa watu gani? Kwa dozi gani? Ukilinganishwa na nini? Faida ilikuwa kiasi gani? Na je, ni bidhaa hii hii iliyopimwa, au kitu kingine chenye jina linalofanana?

HATUA YA 1: SOMA MANENO YA AHADI

Andika ahadi zote alizotoa muuzaji, kisha zihesabu. Kopo linalotibu presha, kisukari, uvimbe wa kizazi, nguvu za kiume na macho, yote kwa pamoja, halitibu hata kimoja. Magonjwa hayo yana vyanzo tofauti.

Halafu linganisha maneno ya mdomo na yaliyoandikwa kwenye kopo. Mdomoni utasikia "linatibu". Kwenye lebo utakuta "linasaidia kuimarisha afya". Tofauti hiyo si bahati mbaya. Kampuni inajua sheria, kwa hiyo inaandika kwa tahadhari na kumwachia muuzaji aseme mengine. Ukiona hivyo, amini lebo.

Na neno "kusafisha sumu" lisikutishe. Mwili wako una ini na figo, na hiyo ndiyo kazi yao usiku na mchana. Muulize muuzaji: ni sumu gani, kwa jina, na hupimwaje kabla na baada?

HATUA YA 2: MIHURI NA NAMBA

Hapa wengi hunaswa. Tuzipitie moja moja.

SAHPRA. Hii ndiyo mamlaka ya dawa ya Afrika Kusini, iliyochukua nafasi ya Medicines Control Council mwaka 2018. Makopo mengi ya virutubisho yana maandishi madogo yanayosema dawa hii haijasajiliwa, na mamlaka haijakagua ubora, usalama wala matumizi yake. Muuzaji hukuonyesha jina SAHPRA kana kwamba ni sifa. Soma sentensi nzima! Na ujue pia kwamba sheria yenyewe imekuwa na mvutano. Oktoba 2020 Mahakama Kuu ya Pretoria iliamua kwamba kanuni za dawa zilivuka mpaka pale zilipogusa virutubisho ambavyo kisheria si dawa, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Aprili 2022. Kwa hiyo kopo kuwa kwenye rafu ya duka kubwa si uthibitisho kwamba serikali imelipima.

NAPPI. Utasikia "bidhaa yetu ina namba ya NAPPI". Hiyo ni namba ya kurahisisha madai ya malipo kwenye bima za afya. Haisemi chochote kuhusu ubora.

"Imesajiliwa na FDA ya Marekani". Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, virutubisho haviidhinishwi na FDA kabla ya kuuzwa. Kiwanda huandikishwa, na kuandikishwa ni kama kuandika jina lako mlangoni. Si kufaulu mtihani.

Halali. Muhuri huu una maana yake kwa Waislamu kuhusu vilivyomo. Hausemi kama dozi inatosha au kama dawa inafanya kazi.

Mihuri yenye uzito ni ile ya vyombo huru vinavyopima yaliyomo ndani, kama vile USP au NSF. Hata hiyo inathibitisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo. Haithibitishi kwamba wewe unakihitaji.

HATUA YA 3: PIMA DOZI, USIPIME JINA

Tuchukue mlonge, mti tunaoufahamu wote. Tangazo husema mlonge una vitamini C mara saba ya chungwa. Hesabu hiyo inatoka kwenye majedwali yanayolinganisha gramu 100 za majani mabichi, yenye miligramu 220, na gramu 100 za chungwa. Lakini majedwali hayohayo yanasema unga mkavu wa mlonge una kama miligramu 17 tu kwa gramu 100, kwa sababu vitamini C hupotea katika kukausha. Na wewe hunywi gramu 100. Kapsuli moja ina kama nusu gramu. Piga hesabu: unapata chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu moja. Mwanamke mzima huhitaji kama miligramu 75 kwa siku, kwa hiyo angehitaji kumeza kapsuli zaidi ya 800! Pera moja la sokoni Yeoville linamtosha, na chenji inabaki.

Mlonge una mambo mengine mazuri, na mboga yake ni mboga nzuri. Tunachokataa ni hesabu ya jani bichi kutumika kuuza unga mkavu.

Mfano wa pili ni madini ya chuma. Kidonge cha feras salfeti cha miligramu 200 hutoa chuma chenyewe kama miligramu 65. Kidonge cha feras glukoneti cha miligramu 300 hutoa kama miligramu 35 tu. Namba kubwa mbele ya kopo inaweza kuwa ndiyo yenye chuma kidogo. Tafuta kwenye lebo kiasi cha chuma chenyewe. Vivyo hivyo kwa zinki, kalisi na magnesi.

Na ukikuta "mchanganyiko wetu maalum wa mimea 21" bila kuonyesha kiasi cha kila mmea, jua kwamba hakuna unachoweza kupima. Huenda kuna mmea mmoja wa bei rahisi na vumbi la ile mingine ishirini.

HATUA YA 4: TAFUTA BEI YA SIKU MOJA

Muuzaji atakuambia, "Rahisi huwa ghali." Ni kweli, lakini ghali nayo si lazima iwe bora. Ujue pia kwamba tangu mwaka 2004 serikali imedhibiti jinsi dawa nyingi za cheti zinavyopangiwa bei hapa Afrika Kusini. Virutubisho vya kawaida havimo katika utaratibu huo. Kila kampuni inapanga itakavyo.

Kanuni ni hii: gawanya idadi ya vidonge kwa vidonge unavyoambiwa umeze kwa siku. Utapata siku ambazo kopo litadumu. Kisha gawanya bei kwa siku hizo.

Mfano wa kufundishia: Kopo A ni Randi 180, lina vidonge 30, unameza kimoja kwa siku. Linadumu siku 30, sawa na Randi 6 kwa siku. Kopo B ni Randi 150, lina vidonge 60, na linaonekana rahisi zaidi. Lakini maelekezo yanasema vinne kwa siku. Linadumu siku 15, sawa na Randi 10 kwa siku. Kopo B ndilo ghali.

Baada ya hapo, nenda duka la dawa, tafuta bidhaa yenye viambato hivyo hivyo kwa kiasi hicho hicho, hata kama ni ya jina la duka lenyewe, na ufanye hesabu hiyo hiyo. Kama la jirani yako ni mara tano ya bei, muulize hizo mara nne za ziada zinanunua nini. Katika biashara ya mtandao wa watu, sehemu ya bei ni kamisheni ya aliyekuuzia, na ya aliyemwingiza yeye, na ya aliye juu ya huyo. Na ukiambiwa "jiunge upate punguzo", hesabu ada ya kujiunga na manunuzi ya lazima ya kila mwezi kabla hujaliita punguzo.

HATUA YA 5: ULIZA KUHUSU DAWA UNAZOTUMIA

Hatua hii usiiruke hata kama kopo ni la bure.

Kama unatumia TLD, dawa kuu ya VVU hapa tangu mwaka 2019, ndani yake mna dolutegravir. Kalisi na chuma huishika dawa hiyo tumboni ikashindwa kuingia kwenye damu. Unaweza kuvimeza pamoja na dawa ikiwa tu unakula chakula wakati huo huo. Usipokula, meza dawa saa mbili kabla au saa sita baada ya kirutubisho. Magnesi haimezwi pamoja nayo hata kwa chakula. Mfamasia atakupangia saa.

Makopo ya "nguvu za kiume" na ya "kupunguza unene" yana hatari ya namna nyingine. Katika nchi nyingi mamlaka zimeyakuta yakiwa na dawa zilizofichwa: sildenafil kwenye yale ya kwanza, ambayo inaweza kumwangusha mtu anayetumia dawa za moyo za aina ya naitreti, na sibutramine kwenye yale ya pili, dawa iliyoondolewa Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari kwa moyo na mishipa. Kopo la "mimea mitupu" linalofanya kazi ndani ya nusu saa linastahili kuogopwa, si kusifiwa.

Na usiache dawa ya hospitali kwa neno la muuzaji. Presha ikipanda huisikii. Utaisikia siku ya kiharusi.

NANI BASI ANAHITAJI VIRUTUBISHO?

Wapo. Mjamzito anahitaji foliki asidi na chuma. Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 400 za foliki asidi na miligramu 30 hadi 60 za chuma kwa siku. Anayetumia metformini kwa kisukari miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12. Asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa naye anaihitaji.

Mama mjamzito, kabla ya kununua kopo, kumbuka kwamba sheria ya afya ya Afrika Kusini ya mwaka 2003 inatoa huduma bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita wasio na bima. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilithibitisha kwamba haki hiyo haiangalii uraia wala karatasi. Vidonge vya chuma na foliki asidi hutolewa kliniki.

UMESHANUNUA?

Sheria ya kumlinda mlaji, Consumer Protection Act ya mwaka 2008, inasema hivi: kama muuzaji ndiye aliyekufuata, kwa simu, kwa ujumbe au ana kwa ana, unaweza kuvunja ununuzi kwa maandishi ndani ya siku 5 za kazi tangu ulipokubaliana naye au tangu ulipoletewa mzigo. Huhitaji kutoa sababu. Kwa hiyo usilifungue kopo siku ileile, na tunza risiti na ujumbe wote. Ukiumwa baada ya kumeza, peleka kopo lenyewe kwa daktari au mfamasia, usilitupe.

ZOEZI

Chukua kopo lolote lililopo nyumbani, ujibu kwenye karatasi:

1. Linaahidi nini kwa mdomo, na nini kwa maandishi?
2. Kiambato kikuu ni kipi, na kiasi chake kwa siku ni kipi?
3. Bei yake ya siku moja ni Randi ngapi?
4. Bidhaa inayofanana duka la dawa ni Randi ngapi kwa siku?
5. Nani amekuambia unalihitaji: kipimo cha damu, au mtu anayepata kamisheni?

Kama swali la tano limekukwamisha, umeshapata jibu.

Na kwa yule dada aliyekupokea Park Station, usimvunjie heshima. Naye huenda ameweka akiba yake yote kwenye makopo hayo. Mwambie, "Dada, nashukuru kwa kunijali. Nitumie picha ya lebo mbele na nyuma, nimwonyeshe mfamasia, halafu nitakujibu." Mfamasia hakutozi kwa swali. Kama kopo ni zuri litapita. Kama si zuri, utakuwa umeokoa fedha zako, na pengine na za dada pia.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza.